Dereva Hayumo

Daktari wa mochwari alivuta droo kwa mguu, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha chai na mwingine ulikuwa unatafuta miwani mfukoni.

"Mtu wako huyu hapa," alisema. "Mtazame utakavyo, halalamiki."

Mwanamke aliyesimama upande wa pili wa droo hakucheka. Alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima, na ofisini walimwita Kobe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na hakuna aliyewahi kumwona akirudi bila kile alichokifuata. Alifunua shuka mpaka kiunoni, akainama.

Marehemu alikuwa seremala, kijana mrefu mwenye mikono mikubwa. Maelezo yaliyoletwa na familia yake yalikuwa mafupi. Kaka yake alikuwa anairudisha nyuma pikapu ya karakana ili aingie getini. Mdogo mtu alikuwa nyuma ya gari, kaka hakumwona, akamkanyaga. Basi.

Pikapu ilikuwa na bima ndogo, ile ambayo sheria inalazimisha kila gari liwe nayo kabla halijagusa barabara. Bima hiyo kazi yake ni moja: kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa na gari. Gari lenyewe hailitengenezi, na dereva wake haimjui. Kwa hiyo kama kijana huyu alikuwa amesimama getini, kampuni ingemlipa mjane wake. Kama alikuwa ameshika usukani, mjane angerudi nyumbani mikono mitupu. Bosi wa Kobe alilisema hilo asubuhi akiwa anakata kucha: "Niletee maiti iliyokuwa imekaa. Hawa waliosimama wanatutia hasara."

"Hii nini?" Kobe aliuliza.

Mstari mpana wa zambarau ulianzia bega la kulia la marehemu, ukashuka kifuani na kuishia nyonga ya kushoto. Chini yake kifua kilikuwa kimebonyea kama sufuria iliyokaliwa.

"Mkanda wa kiti," daktari alisema. "Bega la kulia, nyonga ya kushoto. Abiria mkanda wake unakwenda upande mwingine."

"Kwa hiyo alikuwa dereva."

"Wakati huo, ndiyo."

"Wakati huo?"

Daktari alipiga funda la chai, akaweka kikombe pembeni ya kichwa cha marehemu, akafunua miguu. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti mpaka mfupa ukachomoza, na umevimba mpaka ngozi inang'aa.

"Kuvimba ni kazi ya watu walio hai, mama. Maiti hana shughuli hiyo. Huyu alifunga mkanda, akagonga kitu, mguu ukavunjika. Akakaa. Mguu ukavimba, alama ya mkanda ikakolea vizuri. Halafu ndipo tairi likapita hapa." Aligonga kifua kwa kucha. "Hili ndilo lililomuua."

"Na mguu?"

"Mguu ungemfanya achechemee. Kuchechemea hakuzikwi."

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Polisi walileta karatasi iliyosema ajali ya gari. Nikatazama, nikaona ajali ya gari. Hakuna aliyeniuliza ni ajali ngapi."

Kobe alirudisha shuka. Nje, kwenye ukuta wa mochwari, alimpigia simu bosi.

"Alikuwa na mkanda wa dereva," alisema.

Bosi alicheka mpaka akakohoa. "Safi! Alikuwa dereva. Funga faili, kamwambie mjane pole."

"Bado."

"Bado nini tena, Kobe?"

"Kuna mtu alimtoa garini akiwa hai, akamkanyaga."

"Hayo ni ya polisi. Sisi tunaulizwa alikaa wapi, tumeshajibu."

"Kesho nitafunga," Kobe alisema, akakata simu.

Karakana ilikuwa juu ya mteremko, imezungukwa na uzio wa mabanzi. Harufu ya vanishi ilimfikia Kobe kabla ya geti. Ndani, kaka wa marehemu alikuwa anapaka kichwa cha kitanda. Watu walimwita Fundi Mkubwa, lakini jina hilo lilikuwa la cheo, si la kimo. Kichwa chake kilifika begani kwa Kobe, na Kobe mwenyewe hakuwa mrefu.

Karibu yake, juu ya kigoda, mjane alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda. Alivaa nguo nyeusi iliyojaa vumbi la mbao. Hakuinua kichwa.

"Poleni na msiba," Kobe alisema.

"Tumeshapoa," mjane alijibu. "Umekuja na hundi?"

"Shemeji!" Fundi Mkubwa alimkemea.

"Nini, shemeji? Dada wa bima hajaja kutulilia. Kila mtu na kazi yake."

"Kweli kabisa," Kobe alisema. "Nimekuja kutazama gari. Fundi, nionyeshe mlivyokuwa."

Fundi Mkubwa aliweka brashi chini vibaya, vanishi ikamwagika sakafuni. Bila hata kutazama, alichota konzi ya vumbi la mbao kwenye debe lililokuwa pembeni, akalimwaga juu ya vanishi, akalikanyagakanyaga kwa kiatu. Kisha akatangulia kwenda getini kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Ardhi ya getini ilikuwa na doa kubwa, jeusi, lililokaukia kwenye udongo. Nzi walikuwa bado wanalijadili.

"Yeye alikuwa hapa," Fundi Mkubwa alisema, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Mimi natoka kule na gari, narudi nyuma. Nasikia kitu kimegota. Nadhani ni gogo. Nikaongeza mafuta kidogo nilivuke."

"Ukaongeza mafuta."

"Nilidhani gogo, dada."

"Hakupiga kelele?"

"Randa ya umeme ilikuwa inanguruma."

"Nani alikuwa anaiendesha randa, wewe ukiwa garini na yeye akiwa chini?"

Fundi Mkubwa alimtazama shemeji yake. Mjane aliendelea na msasa.

"Tuliiacha inajiendea," alisema mjane. "Tunaiachaga."

"Haya. Fundi, hebu panda garini nikuone."

Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya rundo la mbao. Fundi Mkubwa alipanda, akakaa, akashika usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa. Ilimbidi atelezee ukingoni mwa kiti ndipo ncha za viatu vyake zipapase pedali, na hapo macho yake yakawa usawa wa dashibodi. Alionekana kama mtoto anayechezea gari la baba yake.

"Polisi walikisogeza kiti," alisema haraka.

Kobe aliingiza mkono chini ya kiti, akavuta kishikio. Hakikusogea. Aliinama akachungulia. Reli zilikuwa zimejaa vumbi la mbao lililoganda na gundi, miaka na miaka, gumu kama simenti.

"Polisi gani hao wenye nguvu hivyo?"

Fundi Mkubwa alishuka garini.

"Mdogo wako ndiye aliyekuwa dereva wa siku zote," Kobe alisema. "Sawa, si kosa. Lakini wewe ukitaka kuendesha, unaendeshaje?"

"Naweka kitu mgongoni."

"Kitu gani?"

Msasa wa mjane ulinyamaza.

"Chochote," Fundi Mkubwa alisema. "Gunia. Chochote kilichopo."

Msasa ukaanza tena, kwa kasi kuliko mwanzo.

Kobe alizunguka mbele ya gari. Bampa lilikuwa limebonyea upande wa kulia, na ndani ya mkunjo kulikuwa na kitu cheupe. Alikikwangua kwa ukucha. Chokaa.

"Ulirudi nyuma, lakini gari limeumia usoni."

"Hiyo ya zamani."

"Ya zamani na haijapata kutu."

"Dada," mjane alisema kutoka kwenye kigoda chake, "mume wangu yuko kwenye friji. Wewe unauliza kutu?"

Kobe alijifuta ukucha kwenye sketi. Akatazama uzio. Nguo zilikuwa zimeanikwa juu yake, mashati ya mwanamume, suruali ya kazi. Mwishoni, juu ya rundo la mbao lililokuwa juani, kulikuwa na kipande kinene cha sponji, kimekatwa mraba. Sehemu ya juu ilikuwa imekauka. Kwa chini kilikuwa bado kinachuruzika maji, na mbao zilizokuwa chini yake zilikuwa zimelowa.

"Mnafua mpaka sponji siku hizi?"

"Tunauza vitanda," mjane alisema. "Sponji chafu nani ananunua?"

Kobe aliaga. Hakurudi njia aliyokuja nayo. Alishuka mteremko kwa miguu, taratibu, akitafuta kitu kilichopakwa chokaa.

Hakutembea sana. Chini ya karakana barabara ilikunja kona kali, na kwenye kona kulikuwa na daraja dogo la mtaro, kingo zake zimepakwa chokaa ili madereva wazione. Ukingo mmoja ulikuwa umemeguka. Kobe alishuka mtaroni, akachuchumaa.

Vipande vya taa. Ubao wa kitanda uliovunjika, umepakwa vanishi. Na pale kwenye lami, mbele kidogo ya ukingo uliomeguka, palikuwa na tandiko la vumbi la mbao, limekanyagwakanyagwa kwa kiatu, limeshikana na kitu cheusi chini yake.

Alilifukua kwa kijiti. Chini palikuwa na mafuta ya gari na damu.

Alikaa hapo akilitazama. Mtu mwingine angemwaga mchanga, mchanga ulikuwa tele mtaroni. Mwingine angechota maji. Seremala yeye hufunika kwa kile alichozoea kufunikia, na huyu alipanda mteremko mpaka karakana akachota vumbi, akashuka nalo, akamwaga, akakanyaga. Lakini kule getini, ambako debe lilikuwa hatua chache tu, damu iliachwa wazi ionwe na kila anayepita.

Breki za hewa zilipiga mluzi juu yake. Lori la mchanga lilisimama kando ya barabara, dereva akateremka. Alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya sufu, jicho moja limevilia damu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukingo, akasimama, akatazama mtaroni kama mtu aliyedondosha ufunguo. Ndipo alipomwona Kobe.

"Na wewe unamtafuta?" aliuliza.

"Nani?"

"Yule kijana."

Kobe alisimama. "Kijana gani, baba?"

Dereva wa lori alivua kofia. "Wenzangu wananiita Mwenda Wazimu siku hizi, kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka sasa, tumalize."

"Sicheki."

"Nilikuwa nashuka. Mzigo mzito. Kona ile nikaichukua kwa upana, ndiyo kusema ukweli, nikaingia upande wake. Yeye anapanda na pikapu ina vitanda. Kunikwepa, akaingia hapa. Kosa langu. Nimelisema polisi na ninalisema kwako, nawe sijui ni nani."

"Wa bima. Endelea."

"Nikashuka mbio. Yuko kwenye usukani, mkanda umemkaba, mguu umevunjika. Akanitazama. Unajua alisema nini? 'Mzee, vitanda vimevunjika?' Nikamwambia achana na vitanda. Simu yangu hapa haina mtandao, yake ilikuwa imepasuka. Nikataka kumbeba. Akasema usinibebe, utanivunja zaidi, kalete gari la wagonjwa. Kaka yangu yuko hapo juu, amesikia mshindo, anakuja sasa hivi."

"Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake. Anakuja sasa hivi. Nikaenda mpaka kituo cha polisi pale njiapanda. Yule sajenti alikuwa anakula, nikangoja amalize. Tunarudi, hakuna pikapu. Hakuna kijana. Kuna vumbi la mbao. Sajenti akanusa mdomo wangu, akanizaba kofi hili." Aligusa chini ya jicho. "Kila safari nikipita hapa nasimama. Labda nimeota. Niambie wewe wa bima. Alipona?"

"Lori lina bima?" Kobe aliuliza.

"Ndogo tu. Ile ya lazima. Stika iko kiooni, haijaisha. Kwa nini?"

"Njoo nayo kituoni."

"Mama, nimekuuliza. Alipona?"

"Kwako alipona," Kobe alisema. "Ulimwacha mzima."

Sajenti wa njiapanda hakufurahi kuitwa. Alipoona tandiko la vumbi la mbao na kilichokuwa chini yake, aliacha kulalamika. Alipomsikia daktari kwenye simu, alivaa kofia vizuri. Walipanda karakana jua likiwa bado kali. Dereva wa lori alibaki nje ya uzio, ndani ya lori lake.

Mjane alikuwa amemaliza mguu wa kwanza wa kitanda, alikuwa kwenye wa pili.

"Hundi?" aliuliza.

Kobe hakumjibu. Alikwenda mpaka kwenye rundo la mbao, akachukua kipande cha sponji, akakibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye pikapu. Akakiweka kwenye egemeo la kiti cha dereva. Kilikaa sawasawa, kana kwamba kimekatiwa hapo, na mgongo wa mtu mfupi ulikuwa umeacha bonde lake katikati.

"Fundi, gunia lako hili hapa."

Fundi Mkubwa alitazama kofia ya sajenti.

"Siku ile hukuendesha nalo," Kobe alisema. "Ulirudi nyuma umening'inia ukingoni mwa kiti kama nilivyokuona leo. Kwa nini? Sponji yako ilikuwa wapi?"

"Sikumbuki."

Kobe aligeuza kile kipande, akakikamua kwa mikono miwili. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Yalidondoka kwenye udongo, na Fundi Mkubwa, bila kujijua, alinyoosha mkono kuelekea debe la vumbi la mbao.

"Liache," sajenti alisema.

Mkono ukabaki hewani.

"Pale mtaroni umelimwaga vizuri," Kobe alisema. "Hapa getini hukulimwaga, kwa sababu hapa mlitaka damu ionekane."

"Alikuwa amekufa!" Fundi Mkubwa alipasuka. "Alikuwa ameshakufa pale chini, haki ya Mungu! Maiti haidhuriki. Tulichofanya ni kumhamisha tu. Mtu amekufa garini au amekufa getini, kufa ni kule kule, sasa kwa nini mjane akose haki yake kwa sababu ya upande wa mlango?"

"Ameshakufa."

"Kabisa! Muulize shemeji."

Kobe alimgeukia mjane. "Ameshakufa?"

Mjane alipuliza vumbi kwenye mguu wa kitanda. "Si umemsikia."

"Basi niambie hiki. Shemeji yako hafikii pedali. Anataka kuendesha, sponji yake iko pale pale kwenye gari, kazi yake ni hiyo. Mtu akaichukua, akaenda kuiweka chini, chini ya kichwa cha mumeo. Ndiyo maana ina damu. Maiti, dada, nani anaiwekea mto?"

Msasa ulianguka. Mjane hakuuokota.

"Usijibu, shemeji," Fundi Mkubwa alisema. "Usijibu hata kidogo."

"Wewe nyamaza," mjane alisema. "Umeongea mpaka umemaliza maneno yote ya uongo, sasa unataka na yangu?" Alijifuta mikono kwenye nguo yake nyeusi. "Alikuwa anaongea pale mtaroni. Alituambia kuna mzee wa lori amekwenda kuita watu. Tukamtoa tukampakia nyuma, tumpeleke hospitali. Kweli hospitali. Akazimia kwa maumivu. Nikamtazama ule mguu, mfupa nje. Nikamwambia shemeji, huyu akibaki hivi ni wa kulishwa na kupelekwa chooni, na bima ile haimpi kitu. Yule wakala aliyetuuzia stika alisimama hapo ulipo, nikamuuliza mwenyewe, na dereva je? Akacheka. Akasema, mama, hiyo ni ya watu wengine. Dereva hayumo."

"Mkageuza gari."

"Mteremko ni mfupi."

"Mlipomlaza hapa, aliamka?"

Mjane alitazama doa la getini. Nzi walikuwa wamepungua.

"Dada," Kobe alisema, "aliamka?"

"Aliuliza kama tumefika."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo." Sauti yake haikutetemeka. "Akasema kichwa kinagonga mawe. Nikamwekea sponji."

Sajenti alikohoa, akatazama pembeni. Fundi Mkubwa alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye tairi la pikapu.

"Nilifumba macho," alisema. "Wakati narudi nyuma. Nilifumba."

"Kwa kimo chako, kufumba na kufumbua ni sawa tu," Kobe alisema. "Ulisikia kimegota, ukaongeza mafuta. Hilo peke yake hukudanganya."

Alikwenda getini, akapunga mkono. Mlango wa lori ulifunguliwa. Dereva aliingia akiwa ameshika kofia mkononi, akasimama mbele ya doa, akalielewa bila kuambiwa. Alikaa chini pale pale, mtu mzima yule, akafunika uso kwa kofia.

"Huyu nani?" mjane aliuliza.

"Mzee wa lori. Yule aliyekwenda kuita watu. Kosa la ile ajali ni lake, alishalikubali polisi kabla hamjamlaza mumeo hapa." Kobe alichomoa kutoka mfukoni stika ya duara aliyoibandua kwenye kioo cha lori, akamnyooshea. "Unaijua hii?"

Mjane alitazama. "Kama yetu."

"Ile ile. Ndogo, ya lazima. Wakala alikwambia kweli: bima ya pikapu yenu haimlipi dereva wa pikapu. Hakukwambia nusu ya pili, maana hukuuliza. Kwa lori, mumeo alikuwa mtu mwingine. Mkanda wake, usukani wake, mguu wake, vyote vile vile, amekaa pale pale kwenye kiti. Bima ya lori ingemtibu. Ingemlipa na siku za kukaa bila kazi."

Fundi Mkubwa aliinua uso.

"Pale mtaroni?" Fundi Mkubwa aliuliza.

"Pale pale."

"Tungemwacha tu?"

"Mngemwacha tu. Msaada ulikuwa njiani."

Fundi Mkubwa alianza kupiga kichwa chake kwenye tairi, polepole, tairi lile lile, mpaka sajenti akamshika kola akamsimamisha. Pingu zililia. Mjane alinyoosha mikono yake mwenyewe, bila kuambiwa, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye ile stika. Alikuwa anafikiri. Kobe aliliona wazo linavyokuja usoni mwake, taratibu, likapanda mpaka kwenye midomo.

"Hiyo ya lori," mjane alisema. "Si bado ipo? Si umesema yeye amekubali kosa? Inadaiwa wapi?"

Dereva wa lori aliondoa kofia usoni, akamtazama kama anayemwona mnyama asiyemjua jina.

Kobe aliirudisha stika mfukoni.

"Lori lilimvunja mguu," alisema. "Fidia ya mguu anadai mwenye mguu. Mwambie aje ofisini."